Wiki ya Mradi Inayosomeka: Mpangilio wa Kurasa kwa Timu Ndogo ya Programu

Ukitaka kujua hali halisi ya wiki ya mradi wenu, yaani zile kurasa za maelezo ambazo kila mwanatimu anaweza kuzihariri, mpe kazi mtu aliyejiunga na timu juzi. Mwambie atafute jinsi ya kurejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala ya jana, kisha msimsaidie. Mara nyingi maelezo yapo. Yako kwenye ukurasa unaoitwa "Maelezo mapya 2", katikati ya aya ndefu, na amri iliyomo inakataa kufanya kazi kwa sababu kuna mtu aliipitisha WhatsApp kabla ya kuibandika hapo.

Mwongozo huu ni wa mpangilio tu: majina ya kurasa, vichwa, amri, tarehe, majedwali. Ni mambo ambayo timu huyaamua mara moja, ikayaandika kwenye ukurasa mmoja, ikaacha kubishana. Nitatumia mfano mmoja kote: programu ya kupokea maziwa ya chama cha ushirika, tuseme kiko Njoro. Mkulima analeta maziwa, karani anapima na kuingiza kilo kwenye simu, seva inajumlisha, na mwisho wa mwezi malipo yanatoka kwa M-Pesa. Watengenezaji wawili wako Nakuru mjini, mmoja yuko Kisumu, na kuna dada wa kuwasaidia makarani anayezunguka Molo na Elburgon akiwa na simu peke yake. Huyo dada ndiye wa kumwandikia. Ukurasa ukimfaa yeye, akiwa amesimama kando ya mizani na bando likikaribia kuisha, utawafaa waliokaa mezani.

1. Amueni wiki itakaa wapi na itatumia alama zipi

Tangu Ward Cunningham afungue wiki ya kwanza mwaka 1995, kila mfumo umekuja na alama zake. Kwenye MediaWiki, ambayo ndiyo inayoendesha Wikipedia, kichwa huandikwa `== Kichwa ==` na herufi nzito `'''hivi'''`. Kwenye Markdown, aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, kichwa ni `## Kichwa` na herufi nzito ni `**hivi**`. Mtu aliyezoea mojawapo akiingia kwenye nyingine huacha alama zimening'inia ukurasani. Basi mstari wa kwanza wa ukurasa wenu wa kanuni useme wazi mnatumia ipi. Kuanzia hapa nachukulia ni Markdown.

Wiki ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, ni ghala la Git (programu inayotunza historia ya kila badiliko) lililojitenga na lile la msimbo. Ukishaunda ukurasa wa kwanza kupitia kivinjari, unaweza kulinakili kwenye kompyuta yako:

```bash
git clone https://github.com/AKAUNTI/MRADI.wiki.git
```

Hapo unaandika hata mtandao ukipotea, unatuma ukirudi. Udhaifu wake ni kwamba hakuna hatua ya mwenzako kukagua kabla ya badiliko kuingia. Kwa sababu hiyo, timu ambayo waandishi wake wote wanatumia Git ningeishauri iweke maelezo kwenye folda ya `docs` ndani ya ghala la msimbo, ili badiliko la programu na la maelezo yake yakaguliwe pamoja. Lakini dada yetu wa Molo hatumii Git na hana haja ya kujifunza ili asahihishe sentensi moja. Kwa timu ya maziwa, wiki ndiyo inayofaa.

2. Majina ya kurasa

Ukurasa wenye jina baya haupatikani, na usiopatikana ni sawa na ambao haujaandikwa, kwa hiyo tumieni muda hapa kuliko kwingine.

Desturi ya kwanza ya kuachana nayo ni "Jinsi ya". Kurasa ishirini zikianza hivyo, orodha ya pembeni inakuwa safu ya "Jinsi ya", na kwenye skrini ya simu neno lenye maana linakatwa. Kuondoa "Jinsi ya" na kubakiza kitenzi pia hakutoshi, maana vitenzi vyetu katika hali hiyo karibu vyote huanza na "ku", na orodha nzima itajazana kwenye herufi K. Tangulizeni kitu chenyewe, kitendo kifuate:

```
Hifadhidata-kuhifadhi-nakala
Hifadhidata-kurejesha
Malipo-kutuma-upya
Malipo-sababu-za-kukataliwa
Mizani-kuunganisha-na-simu
```

Sasa orodha ikijipanga kialfabeti, ya hifadhidata yanakaa pamoja na ya malipo pamoja, bila mtu kuyapanga.

Msitumie nukta pacha kwenye jina ("Malipo: kutuma upya"), ingawa inapendeza. Jina la ukurasa linakuwa jina la faili, na Windows haikubali nukta pacha kwenye jina la faili, kwa hiyo mwenzenu mwenye kompyuta ya Windows atashindwa kunakili wiki. Mkwaju na alama ya kuuliza ni vivyo hivyo. Nafasi kati ya maneno si tatizo, maana GitHub huigeuza kuwa kistari.

Pia msiweke ndani ya jina kitu kitakachochakaa: "mpya", "ya sasa", jina la mtu, au namba ya toleo. Mkibadilisha jina baadaye, MediaWiki kwa kawaida huacha kielekezi kwenye jina la zamani, lakini wiki ya GitHub haiachi. Kila kiungo kilichoelekea huko kitakufa. Kabla ya kubadilisha, tafuteni jina la zamani kwenye kurasa zote:

```bash
grep -rn "Maelezo-mapya-2" .
```

Majina haya mawili yana kazi maalum kwenye GitHub: `Home` ni ukurasa wa mlangoni, na `_Sidebar` ndio orodha ya pembeni. Andikeni hiyo ya pembeni kwa mkono, na msiweke kila ukurasa. Weka zile ambazo mtu huzihitaji akiwa na haraka.

3. Mistari ya juu na vichwa

Kila ukurasa uanze na mistari mitatu, kwa mpangilio uleule:

```
Kwa nani: msaidizi wa makarani
Umekaguliwa: 2025-04-03
Wa kuuliza: aliye zamu ya seva
```

Kwenye mstari wa tatu andikeni wadhifa. Watu huhama, na namba ya simu ya mtu binafsi haina kazi kwenye wiki. Mstari wa "Umekaguliwa" unabadilishwa na mtu aliyefuata hatua zote na zikafanya kazi. Aliyesahihisha herufi tu asiuguse. Timu nyingi hupuuza tofauti hii, na matokeo yake ni tarehe mbichi juu ya maelezo yaliyooza.

Baada ya hapo, sentensi moja au mbili za kueleza ukurasa unafanya nini. Msianze na historia ya mradi.

Vichwa vianzie ngazi ya pili, `##`, kwa sababu GitHub tayari inaonyesha jina la ukurasa kama kichwa kikuu. Usiruke ngazi kwa kuwa herufi za `####` zinakuvutia zaidi. Msomaji asiyeona hutumia programu inayosoma skrini, na programu hiyo humrukisha kutoka kichwa hadi kichwa kwa kufuata ngazi hizo. Ukihitaji ngazi ya nne, karibu kila mara una kurasa mbili zilizobanana kwenye moja, zitenganishe.

Herufi nzito ni za maonyo na majina ya vitufe tu. Ukurasa ambao nusu yake imekolezwa haujakoleza kitu.

4. Hatua na amri

Hatua huandikwa kwa kuamuru: "Fungua", "Bonyeza", "Subiri". Andika "unaweza kubonyeza Tuma" na karani atajiuliza kama ni lazima. Andika "Tuma inabonyezwa" naye atajiuliza ni nani wa kuibonyeza. Hatua moja iwe na kitendo kimoja. Pale ambapo mpangilio una maana tumieni namba. Pale ambapo hauna, vitone.

Kuna hitilafu moja ya Markdown ambayo kila timu huipata. Mmeandika hatua ya 1, chini yake mkaweka bloku ya amri, kisha hatua ya 2. Ukurasa ukifunguka, hatua ya pili inajitokeza kama orodha mpya na mtiririko umevunjika. Sababu ni kwamba bloku imeanzia ukingoni kabisa, ikakata orodha. Isogezeni ndani kwa nafasi tatu ili ilingane na maneno ya hatua iliyo juu yake:

````
1. Simamisha huduma ya kupokea maziwa:

   ```bash
   sudo systemctl stop maziwa
   ```

2. Hakikisha imesimama:

   ```bash
   systemctl status maziwa
   ```
````

Amri, jina la faili na thamani yoyote ya kuchapwa kama ilivyo viwekwe ndani ya alama ya `` ` ``, ile iliyo juu ya kitufe cha Tab kwenye kibodi nyingi. Hii si mapambo. Nje ya alama hiyo, kistari cha chini na nyota huweza kugeuka kuwa mitindo ya herufi, na jina la faili likaharibika bila mtu kuona. Amri ya mstari mzima iwe kwenye bloku yake yenye alama tatu na jina la lugha: `bash`, `sql`, `json`.

Ndani ya bloku msiweke alama ya `$` mwanzoni mwa mstari. Anayenakili ataichukua nayo, na terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, itamlalamikia.

Sasa kuhusu WhatsApp, na Word pia. Amri ikipitia huko, alama za kunukuu zilizonyooka `"` huweza kugeuzwa zilizopinda `“ ”`, na vistari viwili `--` vikaungana kuwa kimoja kirefu. Kwa macho hakuna tofauti kubwa. Kwa terminali ni herufi tofauti kabisa. Kanuni: amri inanakiliwa kutoka kwenye terminali ilikofanya kazi, moja kwa moja hadi kwenye wiki.

Mahali ambapo msomaji anapaswa kuweka thamani yake, tumieni herufi kubwa zenye vistari vya chini, kama `JINA_LA_FAILI`. Wengi wamezoea kuandika `<jina>`. Tatizo ni kwamba kwenye bash, programu inayopokea amri za terminali, alama ya `<` ina kazi: inasoma faili. Asiyejua akiacha alama hizo, atapata ujumbe wa kosa usiohusiana na shida yake. Tena nje ya bloku, Markdown huweza kuichukulia `<jina>` kama msimbo wa HTML na kuificha isionekane kabisa.

Onyo litangulie amri. Watu hunakili huku wakisoma, hawasomi kwanza hadi mwisho. Hivi ndivyo ningeandika kipande cha kurejesha:

Onyo: amri hii inafuta majedwali yaliyopo kabla ya kuweka ya kwenye nakala. Usiitekeleze kwenye seva ya kazi bila kumwarifu aliye zamu.

```bash
pg_restore --clean --if-exists -d maziwa JINA_LA_NAKALA.dump
```

Hakikisha mapokezi ya mwisho ni ya tarehe unayoitarajia:

```bash
psql -d maziwa -c "SELECT max(tarehe) FROM mapokezi;"
```

Ukiona tarehe ya jana, endelea. Ukiona safu tupu, simama na umpigie aliye zamu.

Hizo sentensi mbili za mwisho ndizo zinazokosekana kwenye wiki nyingi. Mtu ametekeleza amri, skrini imenyamaza, hajui kama kunyamaza ni kheri au shari. Kila amri yenye uzito ifuatwe na kile atakachokiona ikiwa imefaulu, na cha kufanya ikiwa haijafaulu.

Nenosiri halikai kwenye wiki, wala funguo za Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa. Andikeni ziko wapi na nani anaweza kuzitoa. Na zikiwa zimeshaandikwa, kufuta mstari hakusaidii kwa kuwa historia ya Git inautunza. Badilisheni funguo zenyewe siku hiyohiyo.

5. Tarehe, saa, pesa, namba na vipimo

Hapa ndipo kanuni za kuazima kutoka kwa miradi ya ng'ambo zinapotuacha njiani, maana baadhi ya utata huu ni wetu wenyewe.

Tarehe kwanza. 03/04/2025 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani, na kwa maktaba nyingi za programu alizotengeneza, ni Machi 4. Tumieni mpangilio wa ISO 8601, mwaka-mwezi-siku: `2025-04-03`. Kuna faida ya ziada: majina ya nakala za hifadhidata yakiandikwa hivyo hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku.

Saa ni kizungumkuti zaidi. Ukurasa ukisema "ripoti hutoka saa 3", karani wa Elburgon ataelewa saa tatu ya Kiswahili, asubuhi au usiku. Mtengenezaji aliyezoea saa ya Kiingereza ataelewa alfajiri au alasiri. Ongeza seva, ambayo mara nyingi huwekwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu kwa saa 3 mwaka mzima, kwa kuwa Kenya haibadilishi saa kwa msimu. Kazi iliyopangwa 21:00 kwenye seva ya namna hiyo inaanza usiku wa manane Nakuru. Kanuni ninayoipendekeza: saa zote kwenye wiki ziandikwe kwa mfumo wa saa 24 zikifuatwa na kanda, `21:00 EAT` (saa za Afrika Mashariki) au `18:00 UTC`. Kwenye kurasa za makarani ongezeni maneno: 21:00 EAT, yaani saa tatu usiku. Ni kurudia, lakini karani hataketi kusubiri ripoti ambayo haiji.

Pesa: `KES 1500.00`. Chagueni KES, Ksh au Sh, ila moja tu. Mimi nachagua KES kwa sababu ndiyo iliyo kwenye viwango vya kimataifa na ndiyo hifadhidata na API zitakayotumia. Ndani ya mifano ya data msitenganishe maelfu kwa koma. Faili la CSV hutenganisha safu kwa koma, na 1,500 isiyozungushiwa alama za kunukuu itakuwa safu mbili: mkulima mwenye shilingi moja, na safu ya jirani yenye 500 zisizojulikana ni za nini.

Namba za simu zina sura tatu: zinazoanza na 0, na +254, na 254 bila alama. Daraja inataka hii ya tatu, tarakimu 12. Andikeni kila mfano kwa sura hiyo, `2547XXXXXXXX`, na ukurasa unaoeleza ukaguzi wa namba utaje kwamba ziko pia zinazoanza na 2541. Acheni hizo X zibaki X. Namba ya kubuni huenda ikawa ya mtu, na namba ya mkulima halisi kwenye wiki ni jambo linaloangukia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Vipimo havina mzaha kwenye maziwa. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo kilo 100 ni kama lita 97. Ukurasa unaosema "kiasi: 100" umeacha mwanya wa lita tatu, na mkulima atakayepunjwa atakuja na risiti. Kila namba iwe na kipimo chake pembeni, na jina la safu kwenye hifadhidata libebe kipimo hicho: `kiasi_kg`.

6. Majedwali, picha na viungo

Jedwali lisizidi safu tatu. Kwenye simu la safu sita linasomwa kwa kuvutavuta kidole, na msomaji anapoteza mstari. Sentensi nzima hazikai ndani ya jedwali. Zikihitajika, tumieni vichwa vidogo badala yake.

Ujumbe wa kosa uandikwe kwa herufi, neno kwa neno kama programu inavyouonyesha, hata ukiwa wa Kiingereza. Msiutafsiri, maana mwenye shida atanakili alichokiona na kukitafuta. Picha ya skrini haitafutiki, inakula bando, na kitufe kikihama mahali inakuwa ya uongo. Ikibidi iwepo, ikateni ibaki sehemu inayohusika, futeni majina ya wakulima, na jazeni maelezo ya picha kwa ajili ya asiyeiona au ambaye haikumfungukia.

Kiungo kiseme kinakoelekea: "angalia sababu za malipo kukataliwa". "Bofya hapa" haimwambii mtu kitu.

7. Neno moja kwa kitu kimoja

Undeni ukurasa wa `Istilahi`, mfupi. Je, anayeleta maziwa ni "mkulima", "mwanachama" au "mteja"? Kwenye ushirika si lazima yawe sawa: mtu anaweza kuleta maziwa bila kuwa mwanachama, na makato yake yakatofautiana. Amueni, andikeni, na majina ya majedwali kwenye hifadhidata yafuate. Mkiamua "seva", isiwe "sava" kwenye ukurasa wa pili, maana kisanduku cha kutafutia hakijui kwamba ni ndugu.

8. Kuingiza kanuni kwenye wiki iliyopo

Msitenge wikendi ya kusafisha wiki nzima. Mtasafisha kurasa ambazo hakuna azisomaye, na Jumapili jioni zile za malipo zitakuwa bado. Anzeni na zile ambazo watu huzifungua kukiwa na shida: kurejesha hifadhidata, malipo yaliyokwama, simu ya karani kukataa kuingia. Nyingine zirekebishwe siku ambayo mtu atazigusa kwa sababu nyingine.

Badiliko la mpangilio liingie peke yake, tofauti na badiliko la maelezo. Ukipanga upya vichwa na papo hapo ukabadilisha amri moja, anayepitia historia ataona ukurasa wote ni mwekundu na kijani, na hataiona hiyo amri.

Programu ya markdownlint hukagua mengi ya haya bila kuchoka: vichwa vilivyoruka ngazi, bloku zisizo na jina la lugha, orodha zilizokatika. Itekelezeni kwenye ghala mlilonakili kabla ya kutuma. Zimeni kanuni inayohesabu urefu wa mistari. Inapiga kelele bure.

Kurasa zilizokufa zifuteni. Git inazitunza, mtu akizihitaji atazipata kwenye historia. Ikiwa timu haijakubali kufuta, ondoeni ukurasa kwenye `_Sidebar`, futeni amri zote zilizomo, na mstari wa kwanza useme umebadilishwa na upi, pamoja na kiungo cha kwenda huko.